Mlima Rainier wakati wa theluji: mambo ya kujua kabla ya kupanda gari

Mama mmoja msikilizaji wetu wa Marangu alitutumia ujumbe wa sauti. Mwanawe anaishi Kent, mji ulio kusini mwa Seattle katika jimbo la Washington, Marekani. Kijana amemkatia mama yake tiketi ya ndege aende kuwatembelea mwezi wa Desemba, na wajukuu wameshamwahidi bibi yao kwamba watampeleka mlimani kucheza na theluji.

Hapo ndipo mama alipopata wasiwasi. Yeye amezaliwa na kukulia chini ya Kilimanjaro. Tangu utoto ameona watu wakishushwa kwa machela, wengine wazungu wenye vifaa vya bei kubwa, wengine vijana wetu wagumu. Hajawahi kuona mtu akichukua watoto wadogo na kwenda kucheza mahali penye theluji. Akatuuliza: huo mlima ni wa namna gani? Na mtu wa umri wake, mwenye miaka 64, anaweza kwenda huko na kurudi salama?

Swali hili lina wenyewe wengi. Maeneo ya Kent, SeaTac na Tukwila yana Waafrika Mashariki wengi, wakiwemo watu wa Kenya, Kongo, Burundi na Tanzania, na kila mwaka wazazi hupanda ndege kwenda kuona wajukuu. Kwa hiyo tumeliandikia makala.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: ndiyo, bibi anaweza kwenda. Lakini mlima huo una jambo moja ambalo sisi wa Kilimanjaro hatujalizoea, na tusipolielewa linaweza kutudanganya.

Mlima wenyewe ni upi?

Mlima Rainier una urefu wa mita 4,392. Kwa Kilimanjaro yetu ya mita 5,895 huo ni mdogo wake, lakini ni ndugu kweli kweli, maana nao ni volkano, na wataalamu wanauhesabu kuwa volkano hai. Siku ya mbingu nyeupe unaonekana kutoka Seattle kama vile Kibo inavyoonekana kutoka hapa Moshi mjini.

Wenyeji wa asili wa eneo hilo, wakiwemo Wanisqually, Wapuyallup na Wayakama, waliufahamu mlima huo kwa majina yao karne nyingi kabla ya wageni. Jina linalosikika zaidi kati ya hayo ni Tahoma. Jina la Rainier lilitoka kwa baharia Mwingereza George Vancouver mwaka 1792, aliyemtunuku rafiki yake Peter Rainier, ofisa wa jeshi la majini ambaye hakuwahi kuuona mlima huo. Hifadhi ya taifa ilianzishwa Machi 2, 1899, ikiwa ya 5 nchini Marekani. Hifadhi ya Kilimanjaro ilikuja kutangazwa mwaka 1973.

Michezo ya majira ya baridi si mambo mapya huko. Mwaka 1935 mashindano ya kuchagua timu ya Marekani ya kuteleza kwa ski kwa ajili ya Olimpiki yalifanyika hapo. Majira ya baridi ya 1941 hadi 1942, askari wa kikosi cha milimani cha jeshi la Marekani walifanya mazoezi ya vita vya theluji kwenye miteremko hiyohiyo. Siku hizi wanaofika wengi ni familia za kawaida, na wengi huelekea sehemu moja iitwayo Paradise, yaani Peponi.

Kwa nini theluji ni nyingi huko kuliko kwetu?

Hapa ndipo msomaji wa Kilimanjaro atakaposhangaa. Paradise iko mita 1,646 tu juu ya usawa wa bahari. Geti la Marangu liko juu zaidi ya hapo! Yaani ungekuwa Kilimanjaro, ungekuwa bado kwenye migomba na kahawa, hujafika hata getini. Lakini Paradise huangukiwa kwa wastani na theluji ya karibu mita 16 kwa mwaka. Majira ya 1971 hadi 1972 ilianguka mita 28.5, ikawa rekodi ya dunia kwa wakati ule. Rekodi hiyo ilikuja kuvunjwa majira ya 1998 hadi 1999 na Mlima Baker, ambao nao uko jimbo hilohilo.

Hizo ni mita zilizoanguka, si kina cha theluji ardhini, maana theluji hushindiliwa kwa uzito wake na nyingine huyeyuka. Hata hivyo, kufikia mwezi wa Machi kina hufika mita 4 au zaidi. Nyumba ya kawaida ya Kibosho ingefunikwa ikaonekana paa tu.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni bahari. Upepo kutoka Bahari ya Pasifiki hubeba unyevu mwingi, ukigonga mlima unalazimika kupanda, na hewa ikipanda hupoa na kuangusha maji iliyobeba. Kilimanjaro hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana upande wa kusini, Machame na Kibosho, kunanyesha kuliko upande wa Rongai. Sababu ya pili ni umbali kutoka ikweta. Kwetu, mahali ambapo maji huganda ni juu sana kuelekea kileleni, mwaka mzima, kwa hiyo msituni hunyesha mvua na si theluji. Rainier iko mbali kaskazini. Ikifika Desemba, baridi ya kugandisha hushuka hadi kwenye barabara, na mvua yote ile huanguka ikiwa theluji.

Ila hewa ya bahari si baridi kali kupita kiasi. Mara nyingi joto pale Paradise huwa karibu na nyuzi 0, juu kidogo au chini kidogo. Hii ina maana theluji yake ni nzito na yenye majimaji, na wakati mwingine hugeuka mvua mchana huohuo. Kumbuka jambo hili, tutalirudia tukifika kwenye nguo.

Tofauti kubwa: hakuna anayekuongoza

Kilimanjaro huwezi kuamka asubuhi ukapanda. Kanuni zinakutaka uwe na kampuni na kiongozi mwenye leseni. Kuna wagumu, kuna mpishi, kuna mtu anayekuuliza kila jioni kama kichwa kinauma. Unapanda kwa siku 5 au zaidi, na mlima wenyewe unakupa muda wa kujua kwamba umeingia mahali pa hatari.

Rainier wakati wa baridi ni kinyume chake. Unatoka nyumbani Kent baada ya chai, unaendesha saa 2 hadi 3, unalipa getini kwa kadi maana fedha taslimu hawapokei, na unashuka kwenye maegesho ukiwa umezungukwa na kuta za theluji. Hakuna kiongozi. Hakuna anayekagua viatu vyako. Watoto wanaruka kutoka garini wakiwa na furaha, na mtu hujiona yuko kwenye bustani ya mjini.

Urahisi huo ndio unaodanganya. Mlima uko palepale, na hali ya hewa ni ya mlima. Kilichoondoka ni wale watu ambao kwetu wangekuamulia. Maamuzi yote ya kiongozi sasa ni yako, na karibu yote yanafanywa nyumbani kabla ya kuwasha gari.

Uamuzi wa 1: Barabara

Majira ya baridi mlango wa magari unaotegemewa ni mmoja, Nisqually, upande wa kusini magharibi. Ukipita hapo unafika Longmire, mahali penye nyumba ya wageni inayofanya kazi mwaka mzima. Longmire iko kwenye mita 840 hivi, karibu sawa na Moshi mjini. Kutoka hapo hadi Paradise ni kilomita 18 hivi za kona na miteremko, na pale Longmire kuna geti.

Geti hilo hufungwa kila usiku. Asubuhi halifunguliwi mpaka mitambo imalize kusukuma theluji na wahifadhi waridhike na usalama, na siku ya dhoruba halifunguliwi kabisa. Katika miaka ya karibuni kumekuwa na majira ambayo barabara ilifunguliwa siku chache tu za wiki kwa sababu ya uhaba wa wafanyakazi. Alasiri kuna saa maalumu ambayo kila gari lazima liwe limeshuka. Kwa hiyo, kabla ya kuwavalisha watoto, angalieni tangazo la siku hiyo kwenye tovuti ya hifadhi.

Kuanzia Novemba 1 hadi Mei 1 kila gari linaloingia lazima liwe limebeba minyororo ya matairi. Kila gari, hata lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Vijana wengi hubishana hapa: gari langu ni la nguvu, minyororo ya nini? Nguvu ya injini husaidia gari kuondoka. Haisaidii kusimama kwenye barafu unaposhuka kona, na hapo ndipo magari huacha njia. Minyororo huuma barafu wakati wa kwenda na wakati wa kusimama.

Mwanao aifunge minyororo hiyo mara moja nyumbani, kwenye uwanja mkavu, ajue inavyokaa. Kujifunza kufunga mnyororo kwa mara ya kwanza gizani, vidole vimekufa ganzi, na foleni iko nyuma yako, ni adhabu. Kama gari ni la kukodi, asome mkataba kwanza, kwa sababu baadhi ya kampuni haziruhusu minyororo kwenye magari yao.

Uamuzi wa 2: Saa ya kurudi

Sisi huku tuna mchana wa saa 12, Januari hadi Desemba. Jua likizama karibu saa 12 na nusu jioni, hatushangai. Kule, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama karibu saa 10 na dakika 20 alasiri. Mchana wote ni saa 8 na nusu hivi. Mama akitazama saa yake ikamwambia ni saa 9, mwili wake wa Marangu utamwambia bado mapema. Mlimani ni jioni tayari, na baridi inaanza kushuka.

Pangeni safari kuanzia mwisho kurudi mwanzo: geti linafungwa saa ngapi, tuanze kushuka saa ngapi, basi tuondoke nyumbani saa ngapi. Mwachieni mtu aliyebaki mjini ujumbe wa mnakokwenda na saa ya kurudi, kwa sababu mtandao wa simu ndani ya hifadhi ni wa shida sana. Simu isiyo na mtandao haiwezi kumwita mtu wa 911.

Uamuzi wa 3: Nguo

Tulisema theluji ya Rainier ina majimaji. Kwa hiyo adui wa kwanza si baridi peke yake. Ni kulowa. Suruali ya jinzi na fulana za pamba hunyonya maji kama kitambaa cha kupigia deki, na ukishalowa joto la mwili linatoroka haraka. Vazi la ndani liwe la sufi au la nyuzi za viwandani, la kati liwe zito la kutunza joto, la nje liwe lisilopitisha maji wala upepo. Kofia inayofunika masikio, glavu jozi mbili, soksi za akiba, viatu visivyopitisha maji na vyenye soli ya meno. Kitenge na khanga mama abaki navyo begani nyumbani, au avitumie kufunika miguu garini.

Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 za joto, mtu anaingia kwenye hatari. Dalili ni kutetemeka bila kukoma, kujikwaa, kuongea kama mlevi, na mwisho kuacha kutetemeka huku akisema hajambo. Huyo ndiye aliyezidiwa. Mwingizeni ndani, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni, mpeni kinywaji cha moto kama anaweza kumeza mwenyewe, na tafuteni msaada. Pombe hapana, kwa sababu humfanya ajisikie ana joto huku mwili ukizidi kupoteza joto.

Vidole, pua na masikio ndivyo huganda kwanza. Maelezo mengi huzungumzia ngozi kuwa nyekundu kisha nyeupe. Kwenye ngozi yetu nyeusi mabadiliko hayo ni magumu kuonekana, mara nyingi ni kama kijivu, kama ngozi iliyopauka. Kwa hiyo msisubiri rangi. Waulizeni watoto kila mara: vidole unavisikia? Akisema havisikii, ingieni ndani. Wala msimsugue kwa mikono, na kwa theluji ndiyo kabisa msithubutu. Sehemu iliyoganda ikisuguliwa huharibika zaidi.

Bebeni pia miwani ya jua. Theluji hurudisha mwanga kama bati jipya, na macho huungua hata siku ya mawingu. Waliofika Kibo wanalijua hili vizuri.

Basi watafanya nini huko?

Kwa bibi na wajukuu, mchezo unaofaa ni kuteleza kwenye sehemu maalumu iliyotengwa na hifadhi pale Paradise, pindi theluji ikitosha na ikatangazwa kufunguliwa. Vinavyoruhusiwa ni vitelezi laini, kama maboya ya mpira na sahani laini za plastiki. Vya mbao na vyenye vyuma chini vimekatazwa, kwa sababu vikimgonga mtoto mwingine huvunja mifupa. Nje ya sehemu hiyo hairuhusiwi kuteleza, hata kama mteremko unaonekana mzuri. Wahifadhi wamechagua mahali ambapo mtelezaji hukoma bila kugonga mti wala kutokea barabarani.

Wanaopenda kutembea hufunga chini ya viatu vyao vyombo vipana vinavyozuia mguu kuzama. Duka la pale Longmire limekuwa likivikodisha. Na wale wa ski hupanda kwa miguu yao wenyewe kisha huteleza kurudi, kwani Paradise haina mitambo ya kuwavuta juu. Anayetaka mitambo huenda Crystal Mountain, nje kidogo ya hifadhi upande wa kaskazini mashariki.

Mstari wa kutovuka

Kuna hatari mbili ambazo familia isiyozoea theluji inapaswa kuzijua kwa jina.

Ya kwanza ni maporomoko ya theluji. Theluji huanguka tabaka juu ya tabaka, na tabaka moja likiwa dhaifu, zile za juu huchomoka kwa mpigo na kushuka kama lori la mchanga. Mara nyingi hutokea kwenye miteremko mikali ya kati ya nyuzi 30 na 45, na mara nyingi anayeyaanzisha ni mtu mwenyewe aliyekanyaga hapo. Aliyefukiwa ana dakika 15 hivi kabla matumaini hayajaanza kupungua haraka, kwa hiyo msaada wa maana ni wenzake walio pale pale, wenye vifaa vya kumtafuta na koleo. Kituo cha utabiri wa maporomoko cha eneo hilo hutoa taarifa kila siku wakati wa baridi, kwa viwango vya hatari kuanzia 1 hadi 5. Asiyejua kuisoma taarifa hiyo, na asiye na mafunzo, asipande mteremko wowote juu ya maegesho, wala asisimame chini yake.

Ya pili ni mashimo yanayojificha kuzunguka miti. Matawi huzuia theluji isijae kwenye shina, hivyo chini ya mti hubaki tundu lenye theluji teketeke. Mtu akitumbukia kichwa chini, hawezi kujitoa. Watoto wasichezee chini ya misonobari, na kila mtu awe anaonwa na mwenzake.

Vijana nao tunawaambia hivi: kutoka Paradise kuna njia ya kwenda Camp Muir, kambi iliyo kwenye mita 3,105. Inavutia, na njia yake ni mteremko mpana wa theluji nyeupe. Ukungu ukishuka, mbingu na ardhi vinakuwa rangi moja, na watu wamepotea humo wakiwa na afya njema na nguvu zote. Si mahali pa mtu aliyekuja kutembea na mama yake.

Mkikwama barabarani kwa dhoruba, kaeni ndani ya gari. Kabla ya kuwasha injini kwa ajili ya joto, hakikisheni theluji haijaziba bomba la moshi, kwa kuwa moshi ukirudi ndani huua kimya kimya. Ndiyo sababu blanketi, maji, chakula na tochi huwekwa garini hata kwa safari ya siku moja.

Tulichomwambia mama

Tulimpigia simu mama wa Marangu tukamweleza haya. Tulimwambia aende, ila kwanza amuulize mwanawe maswali manne: minyororo ipo na umeshaijaribu? Barabara imetangazwa kufunguliwa siku hiyo? Tunaanza kushuka saa ngapi? Na nguo kavu za kila mtoto ziko kwenye begi lipi? Kama kijana anajibu yote bila kusita, basi mama apande gari. Jibu moja likikosekana, wakae nyumbani wale makande, mlima haukimbii.

Na kama wakifika Longmire wakakuta geti limefungwa, wasinung'unike. Watembee hapohapo chini ya miti mikubwa, watoto warushiane theluji kama ipo, wanywe kitu cha moto, warudi. Kwetu kiongozi akisema leo hatupandi, mgeni hutii hata kama amelipa fedha nyingi. Kule geti lililofungwa ndilo kiongozi wako.

Mama alicheka, akasema maswali hayo atayaandika kwenye karatasi na kuiweka ndani ya pasipoti. Tunamtakia safari njema, na wewe unayesoma ukiwa na ndugu huko, mtumie makala hii kabla theluji haijaanza.